Maswali ya Wasomaji: Chester, Mji wa Mtoni Uliomzaa Popeye

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya sanamu ya baharia Popeye iliyosimama kando ya mto Mississippi katika mji mdogo wa Chester, jimbo la Illinois, Marekani, pamoja na maelezo mafupi kwamba mji huo humsherehekea mhusika huyo wa katuni kila mwaka. Barua nyingi zilizofuata zimetoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Tumechagua nne ambazo, kwa maoni yetu, zimeuliza yale ambayo wengine wangependa kuuliza.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salamu kutoka Mafinga. Kijana wangu anasoma chuo kikuu katika mji wa Carbondale, kusini mwa Illinois, na wenzake wamemwalika waende pamoja Chester mwezi Septemba kwenye hizo sherehe za Popeye. Baba yake anaona ni kupoteza fedha, kwa kuwa katuni ni mambo ya watoto. Mimi bado sijaamua. Je, ipo faida yoyote katika safari hiyo, na kama ipo, ajiandae vipi? (Mama wa watatu, Mafinga)

JIBU: Mama, mruhusu aende, na baba yake umsimulie habari za mtu aliyemchora Popeye, kwa sababu habari hizo zinamhusu kila mzazi mwenye mtoto masomoni.

Elzie Crisler Segar alizaliwa Chester tarehe 8 Desemba 1894, mtoto wa fundi wa kupaka rangi nyumba. Akiwa kijana alifanya kazi katika jumba la maonyesho la mji huo, akipiga ngoma kusindikiza filamu za wakati ule ambazo hazikuwa na sauti, na kuendesha mashine ya kuonyeshea picha. Usiku, baada ya kazi, alijifunza kuchora kwa njia ya posta, akisoma kozi iliyotumwa kutoka Cleveland, Ohio. Kwa elimu hiyo ya bahasha alikwenda Chicago, akapata kazi ya kuchora gazetini, kisha akahamia New York, ambako tarehe 19 Desemba 1919 ulianza kuchapishwa mfululizo wake wa katuni ulioitwa Thimble Theatre. Popeye hakuwamo. Aliingia tarehe 17 Januari 1929, zaidi ya miaka tisa baadaye, kama baharia wa kukodiwa kwa safari moja tu, na safari ilipokwisha mchoraji alimwondoa. Wasomaji ndio waliodai arudishwe, na tangu hapo akawa mwenye hadithi. Segar hakuishi muda mrefu kufaidi umaarufu huo, kwani alifariki tarehe 13 Oktoba 1938 akiwa na umri wa miaka 43.

Kwa hiyo kijana wako atakuwa anakwenda kuuona mji ambao mtoto wake mmoja alijifunza kazi usiku kwa barua, na kazi hiyo ikajulikana duniani kote. Katuni ni za watoto pia, lakini hayo si mambo ya watoto peke yao.

Chester ni mji mdogo kweli. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wasiofika 7,000, na katika hesabu hiyo wamo pia wafungwa wa gereza kubwa la Menard lililoko ukingoni mwa mto. Mafinga yenu ni kubwa kwa mbali. Mji umejengwa juu ya kilima, na mto uko chini yake, ukiwa ndio mpaka wa Illinois na Missouri. Ningemshauri aanzie darajani. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1942, likaangushwa na dhoruba mwaka 1944, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1946. Karibu nalo ipo bustani ya kumbukumbu ya Segar, na ndani yake sanamu ya kwanza ya Popeye, ya shaba nyeusi, yenye urefu wa takribani futi 6, iliyozinduliwa mwaka 1977. Asimame hapo kwa muda, autazame mto, kwa maana bila mto huo asingeelewa kwa nini mtoto wa mji ulio mbali kabisa na bahari alipata mawazo ya mabaharia na vyombo vya majini.

Baada ya hapo aingie mjini. Tangu mwaka 2006 Chester imekuwa ikisimamisha sanamu za granaiti za wahusika wengine wa Segar, kwa kawaida moja kila mwaka, na jambo ninalolipenda zaidi ni mahali zilipowekwa. Hazikukusanywa pamoja ndani ya uzio wenye kiingilio. Wimpy, yule mpenda baga, yuko kwenye bustani ya katikati ya mji. Olive Oyl, mpenzi wa Popeye, amesimama na mtoto Swee'Pea kwenye uwanja wa mahakama. Bluto, mbabe wa hadithi, yuko benki. Castor Oyl, kaka yake Olive, yuko hospitali. Anayetaka kuwaona wote hulazimika kupita katika maisha ya kila siku ya wenyeji, anakutana na mtu anayekwenda kwenye kesi yake na mwingine anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Lile jumba la maonyesho ambalo Segar alifanya kazi bado lipo pia, na ndani yake limewekwa duka la vitu vya Popeye lenye makumbusho madogo.

Kuhusu maandalizi, sherehe hufanyika mwisho wa juma unaofuata Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1980. Siku ya Jumamosi huwa na maandamano makubwa barabarani. Treni ya abiria husimama Carbondale lakini haifiki Chester, kwa hiyo waende kwa gari la mmoja wao. Si mbali, na anayetokea St. Louis husafiri takribani kilomita 100. Vyumba vya wageni ni vichache kwa mji wa ukubwa huo, hivyo watafute mapema au warudi kulala Carbondale. Joto la Septemba huko bado ni kali, na sanamu zimetawanyika katika mji wenye vilima, kwa hiyo avae viatu vya kutembelea. Kama anaweza kufika Ijumaa kabla ya umati, na afanye hivyo, kwa sababu mji wenyewe huonekana vizuri zaidi watu wakiwa bado kwenye shughuli zao.

Akibakiwa na muda, aombe apelekwe kwenye kilima cha Fort Kaskaskia, kaskazini kidogo ya Chester. Kaskaskia ilikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois, kuanzia mwaka 1818 hadi 1820. Mwaka 1881 mto ulibadili njia, ukaukata mji huo kutoka upande wake, na hadi leo sehemu hiyo ndogo ya Illinois iko ng'ambo, upande wa Missouri. Mwanafunzi wa fani yoyote atapata la kufikiri hapo.

Huenda wenzake wakamwambia kwamba uko mji mwingine wa mtoni katika jimbo hilo hilo, uitwao Metropolis, kando ya mto Ohio, unaomsherehekea Superman kila Juni, na wenye sanamu yake kubwa ya mwaka 1993. Ni kweli, na akitaka aende. Lakini uhusiano wa mji huo na Superman ni wa jina, kwa kuwa mji wa kubuni anamoishi Superman nao unaitwa Metropolis, na mwaka 1972 wakaona ni vyema kulitumia jina hilo. Chester haikuazima kitu. Kama fedha zinatosha safari moja, ningechagua Chester.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mbeya mjini na ninapenda kuchora. Nimesoma kwamba Popeye na wenzake walitokana na watu halisi wa Chester. Popeye ana jicho moja bovu na hupigana ovyo, Olive Oyl amechorwa mwembamba kama fito, na Wimpy ni mlafi. Mtaani kwetu mtu akichorwa hivyo atakasirika. Je, Segar hakuwadhihaki majirani zake, na mji hausherehekei dhihaka hiyo? (Mchoraji mdogo, Mbeya)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako ni zito kuliko mengi tuliyopokea, na linastahili jibu lisilokwepa.

Wenyeji wa Chester wanasimulia hivi. Palikuwa na mtu aliyeitwa Frank Fiegel, kwa jina la utani Rocky, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1947. Hakuoa, alifanya kazi za mikono katika baa, alivuta kiko, alikuwa na kasoro ya jicho, na ngumi zake zilijulikana mji mzima. Palikuwa pia na mwanamke mwenye duka, Dora Paskel, mrefu na mwembamba, aliyefunga nywele zake fundo kisogoni. Na yule mwenye jumba la maonyesho, J. William Schuchert, ambaye alikuwa mwajiri wa Segar, alipenda baga kiasi cha kumtuma mtu akamletee kati ya onyesho moja na jingine. Ukizitazama sura za Popeye, Olive Oyl na Wimpy, huhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tazama mchoraji aliwafanyia nini. Mzaha upo, tusifiche. Wimpy hukopa baga ya leo kwa ahadi ya kulipa Jumanne, na hakuna tajiri wa mji ambaye angefurahi kuonekana hivyo. Lakini yule mtu wa baa, ambaye katika mji wowote angekuwa wa kunyooshewa kidole, alipewa nafasi ya juu kuliko wote. Popeye wa gazetini huwatetea wanyonge, hugawa fedha zake kwa wenye shida, na mtoto Swee'Pea alipoletwa mlangoni kwake alimlea, ingawa hakuwa wake. Segar aliyachukua yale ambayo watu waliyaona kwa Fiegel, yaani jicho, kiko na ngumi, akayaacha kama yalivyo, kisha akayavika moyo. Sisi tunaoishi na utani tunalielewa jambo hili kwa urahisi: mtani wako hukusema hadharani mbele ya wageni, na siku ya msiba wako yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Dhihaka humwacha mtu akiwa mdogo kuliko alivyokuwa, na sidhani kwamba Fiegel alitoka mdogo katika mikono ya Segar.

Hata hivyo, wasiwasi wako una msingi, na upo mahali ambapo ninakuunga mkono kabisa. Fiegel alizikwa Chester, na kwa karibu nusu karne kaburi lake halikuwa na jiwe la jina. Sanamu ya Popeye ilikuwa imesimama darajani tangu mwaka 1977, sherehe zilikuwa zikifanyika kila mwaka, na mtu mwenyewe alikuwa amelala bila alama. Ni mwaka 1996 ndipo wapenzi wa Popeye walipomwekea jiwe, lenye jina lake na mchoro wa Popeye. Hilo lilipaswa kutangulia.

Kwa hiyo, wewe unayechora, endelea kuwatazama majirani, kwa maana hakuna shule ya sura za watu iliyo bora kuliko mtaa. Ukimchukua mtu mmoja kwa namna ambayo kila mtu atamtambua, mwendee umwonyeshe kabla hujachapisha. Akicheka, endelea. Akinyamaza, badilisha pua, badilisha mavazi, na ubaki na kile ulichokipenda katika tabia yake.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mkulima wa mboga hapa Uyole. Nina mambo mawili. Je, spinachi humpa mtu nguvu kama inavyompa Popeye kwenye katuni, na mji huo wa Chester ndio unaolima spinachi? Pili, nataka kumchora Popeye kwenye kibao cha genge langu. Naruhusiwa? (Mkulima, Uyole)

JIBU: Chester haikujulikana kwa spinachi. Mji wa wakulima wa spinachi ni Crystal City, Texas, ambao ulisimamisha sanamu yake ya Popeye mapema zaidi, mwaka 1937, Segar akiwa bado hai. Katika gazeti la mwaka 1929 Popeye hakutegemea mboga yoyote. Alipopigwa risasi alinusurika kwa kukisugua kichwa cha kuku wa ajabu mwenye bahati. Spinachi ilikuja baadaye, na filamu za katuni zilizoanza mwaka 1933 ndizo zilizoifanya iwe dawa yake ya kila pambano.

Ni mboga nzuri, yenye vitamini A na foleti, na ina madini ya chuma, ila mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Mlaji akiila pamoja na chakula chenye vitamini C, kama nyanya au limau, chuma hufyonzwa vizuri zaidi, na akinywa chai mara baada ya mlo hufyonzwa kidogo. Hili wateja wako wa Mbeya walijue, kwani chai kwetu hufuata kila sahani. Spinachi ya majani mapana na mashina meupe inayouzwa katika masoko yetu ni mmea tofauti na ule wa Popeye, ingawa yote miwili, pamoja na mchicha, ni ya ukoo mmoja. Nguvu za ghafla hazimo katika hata mmoja wao, kwa hiyo usiziandike kwenye kibao.

Kuhusu mchoro, tangu tarehe 1 Januari 2025 Popeye wa mwaka 1929 hana tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, lakini kazi za baadaye zinaweza kuwa bado na wenyewe, na jina linaweza kulindwa kama alama ya biashara, ambalo ni jambo jingine kabisa. Kwetu, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huilinda kazi ya mchoraji kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kabla ya kupaka rangi, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu mchoro, na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuhusu alama. Au mwombe yule binti wa barua iliyotangulia akuchoree mkulima wa Uyole akiwa na fungu la mboga zake, ambaye hatahitaji ruhusa ya mtu yeyote ila yako.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninafundisha sanaa Tukuyu. Wageni hupita kwetu kwenda kuona Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi, kisha huondoka bila kuingia mjini. Nilipoona picha ya Chester nilijiuliza kama nasi tungeweza kuwa na mhusika wa katuni wa mji wetu. Je, ni ndoto? (Mwalimu, Tukuyu)

JIBU: Si ndoto, Mwalimu, na nimefurahi mno kuipata barua yako, ila naomba muufuate mwendo wa Chester kama ulivyokuwa. Sanamu ya kwanza ilisimama karibu miaka 40 baada ya Segar kufariki. Sherehe zilikuja miaka mitatu baadaye, na sanamu nyingine zilianza mwaka 2006, moja moja, kwa michango. Hawakusubiri mfadhili mmoja mkubwa, na hawakuanza na sanamu kabla ya kuwa na hadithi ambayo watu waliipenda.

Hadithi ndiyo itakayowachukua muda. Nchi yetu ina wahusika wa katuni waliopendwa sana, kama Chakubanga wa gazeti la Uhuru na Kipanya wa Masoud Kipanya, lakini hao hawakuzaliwa katika wilaya yenu ya Rungwe, na kazi za wachoraji wetu zina wenyewe. Waacheni wanafunzi wenu wachore. Yupo Sungura wa hadithi za bibi, ambaye wangeweza kumvika koti la mvua la Tukuyu. Wapo watu wa mashamba ya chai na ndizi, dereva wa bodaboda anayejua kila kona ya Kiwira, na mama wa sokoni ambaye hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno. Bandikeni hadithi mpya kila wiki kwenye ubao wa shule, na nakala yake mahali pa wazi sokoni na stendi, kwa mwaka mzima. Mtajua mmempata mhusika wenu siku watu wazima watakapoanza kuulizia hadithi ya wiki ijayo.

Ikifika wakati wa sanamu, fikirini mvua kabla ya sura. Tukuyu ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, na sanamu ya saruji iliyopakwa rangi itabanduka na kuota ukungu kabla wanafunzi hao hawajamaliza shule. Granaiti ni ghali na nzito, lakini hudumu, na mikoa yetu ina miamba ya aina hiyo. Anzeni na sanamu moja ndogo ya jiwe badala ya tano za saruji. Iwekeni pale ambapo watu wana sababu nyingine ya kufika, kama sokoni au hospitali, na wekeni kibao kidogo kule Daraja la Mungu kinachomwelekeza mgeni mjini. Ombeni eneo kwa maandishi kupitia kwa Ofisa Utamaduni wa halmashauri, na pataneni na mwanafunzi atakayekuwa amemchora mhusika huyo, pamoja na wazazi wake, kwa maandishi vilevile, kuhusu nani atakuwa na haki ya mchoro na mapato yake yatagawanywa vipi. Mkiwa na hadithi sita za kwanza, zileteni kwetu. Tutazichapisha zikiwa na majina ya waliozichora.